Mchoraji akiambiwa "tuchoree umaskini", achore nini?

#1 FundiBrashi
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta, niko Temeke. Nimeletewa kazi na shirika moja (jina nalihifadhi, hela bado sijalipwa) ya kuchora ukuta wa zahanati. Maelekezo yamekuja kwenye karatasi: ardhi iliyopasuka kwa ukame, mtoto ameshika bakuli, na juu kulia mikono miwili inashuka na gunia. Zahanati yenyewe iko kando ya mtaro unaofurika kila masika. Ardhi iliyopasuka naitoa wapi?

Nikamuuliza dada wa mradi, mbona mtoto hana mama? Akanijibu kuwa mama ataijaza picha.

Umaskini ninaoujua mimi hauna bakuli. Ni daftari la Mangi mwenye duka, lile la mkopo, kurasa zimelainika kwa kupekuliwa, kona zimejikunja, na mle ndani "Mama Zai: sukari robo, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni", halafu mstari umekatwa, halafu Mama Zai tena. Ni mtu amesimama kituoni ana nauli ya kwenda tu, ya kurudi Mungu anajua. Vitu hivi sijawahi kuviona kwenye picha yoyote ya misaada. Nani aliamua sura ya umaskini iwe ile moja? Karibuni.

#2 Chawa wa Mbagala
Wa kwanza leo. Weka picha ya ukuta tuone.

#3 mpiga_deki
Chora wanachotaka, ule. Njaa yako wewe hakuna atakayeichora.

#4 KalamuNyeusi
Mleta uzi, jibu ni hela, tusizunguke. Shirika linaomba pesa kwa mtu aliyekaa sebuleni kwake Ulaya, na lina sekunde chache za kumshika. Daftari la Mangi linahitaji maelezo, mtoto na bakuli hahitaji. Kumbuka ile picha ya binti wa Ethiopia na tumbusi nyuma yake, dunia nzima ililia. Mpiga picha akapewa tuzo, baadaye akajiua.

#5 Mwalimu Nyabise
@KalamuNyeusi rekebisha hapo. Si Ethiopia, ni Ayod, kusini mwa Sudan kabla haijawa nchi, Machi 1993. Kevin Carter alikuwa wa Afrika Kusini. Picha ilitoka New York Times tarehe 26 mwezi huohuo, Pulitzer akapata 1994, na Julai mwaka huohuo akafariki. Na yule "binti" miaka mingi baadaye waandishi wa Kihispania walikwenda kuulizia, wakaambiwa na familia kuwa alikuwa mvulana, na njaa ile alipona.

Yaani picha imezunguka dunia nzima, na hakuna aliyejua hata kama ni mvulana au msichana. Mimi naona tatizo liko hapo kuliko kwenye hela.

#6 Chawa wa Mbagala
Mwalimu umeingia na chaki kabisa.

#7 Mzee Kobe
Vijana, mnawasema Wazungu tu. Picha za njaa ya Ethiopia ya 1984 zilipigwa na mtu wetu, Mohamed Amin, Mtanzania. Yeye na Michael Buerk wa BBC walifika Korem, ikarushwa Oktoba 23, na baada ya hapo ndipo wanamuziki wa Uingereza wakaanza kuchangisha. Julai 1985 likaja lile tamasha kubwa la London na Philadelphia. Watu wangapi walikula kwa sababu ya kamera ile? Leo mtu amekaa na simu yake anasema picha za huruma ni mbaya. Waulizeni waliokuwa Korem.

#8 Kibra_Line
@Mzee Kobe shikamoo, lakini Mo Amin ni wetu! Alizaliwa Nairobi 1943.

#9 Mzee Kobe
Marahaba. Kazaliwa Nairobi, kakulia Dar, na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzishia Dar mwaka 1963. Gawaneni naye. Mkono mmoja alipoteza Addis Ababa 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akafungwa wa bandia akarudi kazini. Alifariki 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro. Kusema mtu kama huyo alikuwa anauza huruma siwezi.

#10 mpiga_deki
Mzee hakuna aliyemtaja. Shida si yeye kupiga Korem. Shida ni kwamba tangu Korem kila mtu anapiga Korem, hata akiwa Temeke.

#11 FundiBrashi
@mpiga_deki HAPO. Asante.

#12 Dereva Mstaafu
Niliendesha gari la shirika miaka mingi kanda ya ziwa. Shirika lenyewe sitaji. Wageni walikuwa wakija na mpiga picha wao. Siku moja tumefika kwa mama mmoja aliyepewa taarifa tangu jana yake, kajiandaa, kavaa kitenge cha harusi ya mdogo wake, kafagia uwanja mpaka mistari ya ufagio inaonekana, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Mpiga picha akazunguka nyumba, akamwambia mkalimani kitu. Mkalimani akaenda kumnong'oneza mama. Mama akaingia ndani, akatoka na kanga ya jikoni iliyochanika begani.

Kile kitenge kilibaki kimetundikwa kwenye kamba nyuma yake, na mpiga picha akasogea hatua mbili kushoto ili kisionekane. Nyumbani kwake, na uwanja kaufagia mwenyewe.

#13 KalamuNyeusi
Dah. Na mkalimani alikuwa Mswahili mwenzetu.

#14 Dereva Mstaafu
Mswahili mwenzetu. Na gari nilikuwa naendesha mimi.

#15 Binti Sikitu
Nawasoma tu. Mbona hamjasema kwamba hata sisi wenyewe tunafanya hivyo? Nendeni kituo chochote cha yatima kuelekea Idi au Krismasi. Mheshimiwa katoni tatu za sabuni, waandishi tisa. Watoto wanapangwa mstari wafupi mbele. Hakuna Mzungu hapo. Na ile hundi kubwa ya mfano, kubwa kuliko mlango! Mimi ningekuwa mchoraji ningechora hundi hiyo inajaribu kuingia kwenye zahanati na mlangoni inakwama.

#16 Chawa wa Mbagala
😂😂 FundiBrashi umepata kazi ya bure hapo.

#17 FundiBrashi
Hiyo ni ya wachora vikatuni kama Masoud Kipanya au Gado, mimi nikiichora ukutani nalala kituoni.

#18 Mwalimu Nyabise
Vikatuni kweli vina uhuru wake. Gado alitoka Dar akaenda Nairobi, akafanya kazi Nation tangu 1992 mpaka 2016, na amewachora IMF na Benki ya Dunia asivyoweza kuwachora mtu anayelipwa na mradi wao. Tofauti ni nani amelipia karatasi.

Na nyongeza kwa @KalamuNyeusi: hilo la sura moja wenyewe Ulaya wamelijadili. Mwaka 1989 mashirika ya kule yalipitisha kanuni za picha na ujumbe, kwamba watu waonyeshwe na utu wao na mazingira yao. Wanafunzi wa Norway mwaka 2012 wakatoa video ya kejeli, Waafrika wanachangishana hita za nyumbani kuwatumia Wanorwe wanaokufa na baridi. Comic Relief ya Uingereza nayo mwaka 2020 ikasema haitatuma tena mastaa wake Afrika kurekodi filamu za michango. Kwa hiyo si kwamba hawajui.

#19 mpiga_deki
Kanuni ni ya 1989, karatasi ya FundiBrashi ni ya juzi. Mwalimu endelea kusahihisha.

#20 Mwera wa Masasi
Kuna sanaa yetu iliyoonyesha watu wasio na kitu bila kuwaonea huruma: kinyago cha ujamaa. Gogo moja la mpingo, watu wamepandana kuanzia chini mpaka juu, huyu kabeba kinu, huyu mtoto, huyu anamkanyaga mwenzake begani na mwenzake hajali. Wote hawana kitu. Hakuna mkono unaoshuka kutoka mbinguni na gunia. Kila anayemshika mtu naye ameshikwa. Kachongeni hicho kwenye ukuta wa zahanati.

#21 Binti Sikitu
Kinauzwa Mwenge kwa watalii walewale, bei kwa dola.

#22 Mwera wa Masasi
Kikiuzwa kwa dola kimekosa maana? Babu yako alikuwa anachonga bure?

#23 Tinga wa Oysterbay
Niko kwenye fani ya tingatinga kwa hiyo nichangie. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alikuwa anachora kwenye mbao za dari kwa rangi za mafuta za dukani, akauza pale Morogoro Stores, alikufa 1972. Watu wanadhani ni twiga na tembo tu. Kuna wachoraji wetu wanachora wodi, foleni ya kliniki, mganga, msiba, watu wamejaa kwenye lori. Nimechora mimi mwenyewe foleni ya maji, ndoo za rangi zote zimepangwa, mwenye ndoo hayupo, kaacha jiwe kumshikia nafasi. Ilikaa ukutani mpaka vumbi likaizoea. Siku ileile niliyoitundika niliuza twiga wawili.

Ndiyo maana nasema mnunuzi anachangia kuchagua. Na si lazima awe mbaya. Mtu yuko likizo, atapeleka foleni ya maji sebuleni kwake ya nini?

#24 KalamuNyeusi
Ndiyo nilichosema #4. Hela.

#25 Tinga wa Oysterbay
Hapana, wewe ulisema wanataka huruma. Wangu hawataki huruma wala umaskini, wanataka twiga. Ni wateja wawili tofauti na wote hawanunui foleni ya maji.

#26 Kasulu kwa Baba
Nimekaa na watu wa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, ile iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo na baadaye Warundi. Mnazungumzia ukuta na turubai, ngoja niwaambie kuhusu makopo. Mafuta ya kula ya msaada yalikuwa yanakuja kwenye makopo ya bati ya kung'aa, yenye nembo ya mikono miwili inapeana na maandishi kwamba ni zawadi ya watu wa Marekani. Kopo likiisha halitupwi. Linakatwa, linabondwa likanyooka, linapigiliwa kwenye fremu ya mbao, unapata mlango. Nyumba ya tope, mlango wa makopo kumi na kitu. Nembo moja imesimama, ya pembeni imepinduka kichwa chini, nyingine mkono mmoja umekatwa na bawaba. Usiku taa ikiwa ndani, mwanga unapita kwenye matundu ya misumari.

Aliyefanya vile hakuwa na nia ya kutoa ujumbe, alitaka mlango. Lakini sijaona mchoro unaosema habari za msaada kuliko mlango ule.

#27 Mzee Kobe
Umenikumbusha mahindi ya njano ya Marekani enzi za njaa na foleni, watu wakayaita yanga. Baba yangu shabiki wa Simba kufa kupona. Alikula, lakini aligeukia ukutani.

#28 Chawa wa Mbagala
Hahaha mzee! Chora hiyo.

#29 Kibra_Line
@Kasulu kwa Baba hiyo ya mlango hata Dadaab ipo. Lakini naona unaiita sanaa kwa sababu wewe unaitazama. Mwenye mlango angepewa mbao angeuacha?

Niwape ya Kibera. Mwaka 2009 alikuja JR, yule msanii wa Ufaransa, akafunika mapaa kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo, mita mraba 2,000. Hazikuwa za karatasi, alitumia plastiki isiyopitisha maji, kwa hivyo mvua ikinyesha nyumba haivuji. Na kando ya reli alibandika nusu ya chini ya nyuso kwenye mabati ya mteremko, macho yakawa kwenye mabehewa. Treni ikipita, kwa sekunde moja uso unakamilika.

Shangazi yangu alikuwa na paa moja kati ya yale. Alifurahia paa. Macho hakuwahi kuyaona, kwa sababu ukiwa chini unaona mabati yako tu. Yalionekana vizuri kutoka kilimani na angani. Sasa niambieni, ile ilikuwa picha ya nani? Alipata paa bila kupanga foleni, bila fomu, bila kuitwa mlengwa. Mimi kusema ukweli naipenda na pia inaniudhi.

#30 mpiga_deki
Paa lisilovuja nalo ni la kuudhi? Wakenya bwana.

#31 Kibra_Line
😅 Basi twende kwa Solo7. Huyu ni wa hapa hapa, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 alizunguka na rangi akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na milango ya vibanda vya Kibera. Hakungoja mfadhili. Hakuchora mtu masikini hata mmoja.

#32 Mwalimu Nyabise
Nifundishe kidogo (naomba radhi kwa @mpiga_deki). Tukiuliza sura ile ilianzia wapi, turudi nyuma zaidi ya Korem. Mwaka 1904 Kongo ya Leopold, mmisionari wa Kiingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha kama hizo zikaonyeshwa kwa taa za kutupa picha ukutani katika mikutano kote Uingereza. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Kongo, ingawa ilikwenda kwa serikali ya Ubelgiji na si kwa wenyewe.

Angalia lakini: mle ndani sababu ipo. Mkono umekatwa na mtu, kwa ajili ya mpira, kwa ajili ya hesabu ya faida. Kwenye karatasi ya FundiBrashi ardhi imepasuka yenyewe. Hakuna aliyefanya kitu. Kwangu mimi tofauti ya picha ya huruma na picha ya mashtaka ni hiyo.

#33 KalamuNyeusi
Mwalimu hapo nakupa. Ila njaa ya 1984 nayo ilikuwa na vita na serikali nyuma yake, na kwenye TV ilionekana kama mvua tu imekosekana.

#34 Mzee Kobe
Watu walikuwa wanakufa leo. Sababu ungeieleza kesho.

#35 Ntita wa Kenya
Jambo bandugu. Mimi ni wa Lubumbashi, hiyo Kenya ya jina ni komini ya huku kwetu, msinichanganye na wa Nairobi.

Nimesoma mpaka hapa na naona mnamuuliza mnunuzi wa nje tu. Kwetu miaka ya 70 wachoraji waliuza kwa watu wa mtaa: mfanyakazi wa mgodi, mwalimu, mwenye baa. Tshibumba Kanda-Matulu ndiye anajulikana zaidi, alichora historia yote ya nchi, picha karibu 100 mwaka 1973 na 1974, na maelezo yake alimpa profesa Fabian kwa Kiswahili cha huku. Wengi walichora juu ya magunia ya unga, wanayanyoosha kwenye fremu, wanapaka rangi ya chini, wanaanza. Na masikini wa Katanga walinunua nini watundike sebuleni? Mamba muntu, yule mwanamke-samaki anayeleta mali. Na "Colonie belge": mfungwa analala chini anapigwa fimbo, askari mweusi anapiga, Mbelgiji anatazama na kiko mdomoni, wanawake wanalia pembeni. Mtu alirudi kazini jioni akakaa chini ya picha ile akanywa bia yake na wageni.

Mtoto na bakuli hakuna aliyenunua.

#36 FundiBrashi
@Ntita wa Kenya hii imenishika. Gunia la unga, halafu juu yake fimbo.

Mrejesho: nimepeleka mchoro mdogo wa pili, daftari la Mangi kubwa ukuta mzima, na watu wanatembea kwenye mistari yake kama barabara. Dada wa mradi kasema ni mzuri sana ila wafadhili hawatajua ni nini. Nikasema wagonjwa watajua. Akasema wagonjwa hawasomi ripoti.

#37 Dereva Mstaafu
Hakukuficha, mshukuru kwa hilo.

#38 Binti Sikitu
Mmewahi kuwauliza watoto? Nafundisha darasa la nne, wilaya yenye miradi mingi. Niliwaambia wachore msaada. Wengi walichora gari. Land Cruiser nyeupe, antena ndefu mbele imepinda kama fimbo ya kuvulia, vioo vimefungwa. Mmoja alichora vumbi tu na gari dogo mwishoni. Hakuna aliyejichora yeye.

#39 Chawa wa Mbagala
@Dereva Mstaafu unatafutwa huku.

#40 Hamburg Mjini
Salamu toka Ujerumani. Nilikwenda Kassel 2022 kwenye maonyesho ya documenta. Nest Collective wa Nairobi walijenga banda zima kwa mabelo ya mitumba, yale yale yaliyofungwa kwa kamba za plastiki, wakaliweka kwenye majani ya bustani ya Karlsaue. Unaingia ndani kuna filamu, na kuta zinanuka ile harufu ya belo likifunguliwa, wanaojua wanajua. Wajerumani wanapita na baiskeli wanasimama. Nguo walizodhani wametoa sadaka zimerudi na kukaa kwenye bustani yao.

#41 KalamuNyeusi
Safi, ila nauliza imebadilisha nini? Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba taratibu, Marekani ikakunja uso kuhusu AGOA (ile nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika zinazoingia kwao), Rwanda peke yake ikashikilia na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ile. Mabelo bado yanashuka.

#42 mpiga_deki
Ulitaka msanii akazuie kontena bandarini? Na shati ulilovaa hapo umelitoa wapi, Karume?

#43 KalamuNyeusi
Karume, na ni grade one. Endeleeni.

#44 Ntita wa Kenya
Kama mnataka kugombana, nendeni Lusanga, mkoa wa Kwilu. Ni mbali na sisi, kule ni Kikongo. Zamani paliitwa Leverville, mashamba ya michikichi ya Lever, mwenye sabuni. Mwaka 2008 Mholanzi Renzo Martens alitoa filamu, aliwafundisha wapiga picha wa Kivu waliokuwa wanaishi kwa picha za harusi kwamba watoto wenye utapiamlo wana soko zaidi. Wakapeleka kazi yao kwa madaktari wa shirika la kimataifa, wakakataliwa. Wale vijana walirudi na aibu, yeye akarudi na filamu.

Lakini mtu yuleyule, tangu 2014, yuko na wafanyakazi wa mashamba pale Lusanga, kikundi chao kinaitwa CATPC. Wanachonga kwa udongo wa mtoni, sanamu zinatengenezwa upya kwa chokoleti huko Amsterdam, zikiuzwa wananunua ardhi iliyochoshwa na michikichi na kupanda miti na chakula. 2024 walipewa banda la Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice.

#45 Kibra_Line
Kwa hivyo umaskini wao umegeuka ardhi. Hiyo ndiyo namuuliza FundiBrashi: ukuta wako ukimalizika, nani anapata nini?

#46 Binti Sikitu
Na bado mwenye kujulikana ni Mholanzi.

#47 Ntita wa Kenya
Si yeye tu, wachongaji majina yao yapo. Lakini ndiyo, mlango alifungua yeye. Na kuna sanamu ya mbao ya Balot, ofisa Mbelgiji aliyeuawa kwenye uasi wa Wapende 1931, iliyochongwa wakati huohuo. Iko kwenye jumba la sanaa la Virginia, Marekani. Mwaka uleule wa 2024 ilipelekwa Lusanga ikaonyeshwa kwenye jengo lao jeupe, kwa mkopo.

#48 mpiga_deki
Mkopo? Babu yao kachonga, wao wanaazimwa?

#49 Ntita wa Kenya
Kwa mkopo, ndugu yangu, na tarehe ya kurudisha.

#50 Chawa wa Mbagala
Daftari la Mangi hilo, ila Mangi yuko Virginia.

#51 Tinga wa Oysterbay
FundiBrashi tukiacha falsafa, umewatoza kwa mita mraba au kwa kazi nzima? Maana ukuta wa zahanati karibu na mtaro unakula rangi, unyevu unapanda mpaka kiunoni. Usipopaka ya chini vizuri, mtoto na bakuli wote wanabanduka kabla ya masika ya pili.

#52 Hamburg Mjini
Mods, huu uzi uhamishieni jukwaa la Sanaa, hapa kwenye Siasa utazama kabla ya asubuhi.